Ua la sukari na mweka hazina wa kamati

Nimeadimika kidogo, mnisamehe. Kazi ya gazeti haina Jumapili. Leo naandika juu ya maua ya keki, na msicheke.

Mwezi uliopita nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, hapa Dar. Mama mtengeneza keki alipoleta hesabu, mawaridi ya sukari yalikaribia bei ya keki yenyewe. Nikambana kama nanunua mkungu wa ndizi. "Mama, si sukari tu hii?" Hakubishana. Alipunguza, akaniambia nipite siku moja nimwone akifanya kazi. Nikapita.

Anachukua sukari laini kama unga, ute wa yai na gundi ya unga, anakanda mpaka donge linavutika. Anasukuma kipande mpaka ukikiweka juu ya gazeti unasoma maandishi (lilikuwa gazeti letu, kwa bahati mbaya). Anakata petali, anailaza kwenye sponji, anabonyeza ukingo mpaka ujikunje wenyewe. Inafungwa kwenye waya, inasubiriwa ikauke, inafuata nyingine. Rangi ya unga inapakwa kwa brashi, imekoza katikati na kufifia pembeni, maana waridi la kweli halina rangi moja. Adui yake ni hewa yetu ya pwani: unyevu unalegeza petali zikainama. Friji nayo ni mtego, ua likitoka humo linatokwa jasho.

Siri yote ni gundi. Ndiyo inayofanya donge livutike likiwa bichi na liwe gumu kama kaure likikauka. Zamani ilikuwa tragakanthi, utomvu wa vichaka vya miiba vya Iran na Uturuki. Siku hizi wengi wanatumia unga wa kiwandani.

Nikaanza kuchimba historia. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyefika Cairo mwaka 1047, aliona kwenye karamu ya Idi ya mtawala wa Wafatimi mti mfano wa mchungwa, matawi, majani na matunda yote ya sukari. Kwa hiyo kabla Ulaya haijajua kujionyesha kwa sukari, Misri ilishachoka nayo! Mwaka 1555 kitabu cha siri za mafundi kilichotoka Venice chini ya jina la Alessio Piemontese kilitoa kanuni ya donge: tragakanthi iliyolowekwa kwenye marashi ya waridi, maji ya limau, ute wa yai na sukari. Utengeneze matunda, sahani na vikombe, na mwisho wa chakula wageni wavile. Mwaka 1574 Venice hiyohiyo ilimpokea Henri III wa Ufaransa kwa meza ya sukari, hadi vitambaa vya mikono. Inasemekana alishika kimoja kikamvunjikia mkononi.

Sasa jiulize nani alikata miwa. Karne hiyo ya 16 sukari nyingi ya Ulaya ilitoka São Tomé na Brazil, kwa jasho la Waafrika watumwa. Mwaka 1791 maelfu ya Waingereza, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walianza kuikataa sukari ya Karibi kwa sababu hiyo. Na tusijifanye hayatuhusu: bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya watumwa katika karne ya 19. Abushiri bin Salim, tunayemsoma shuleni kwa vita vya 1888 dhidi ya Wajerumani, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Kitabu changu cha shule hakikunitajia miwa hata mara moja.

Vita navyo viligusa keki. Mwaka 1940 serikali ya Uingereza ilikataza kupamba keki kwa sukari, na maharusi wakawa wanaazima maganda ya karatasi ngumu yaliyofanana na keki, wanapiga picha, wanayarudisha.

Harusini kwetu wageni wengi walidhani maua ni ya plastiki. Mjomba mmoja alikaribia kutafuna waya.

Pesa niliyomkata yule mama nimempelekea wiki hii kutoka mfukoni mwangu, maana kamati ilishavunjwa. Aliuliza ni za nini. Nikamwambia ni deni la kamati. Waridi moja limebaki kwa shangazi, ndani ya boksi lenye mchele wa kunyonya unyevu, na amekatazwa kulifungua mpaka masika yapite.