Hatua Tisa za Weusi

Kila anayejifunza sataranji hukutana mapema na mchezo uliochezwa Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera, huku waimbaji wakiwa jukwaani. Weupe ulikuwa wa Paul Morphy, kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Marekani. Weusi walikuwa watu wawili wakishauriana: Karl II, aliyekuwa mtawala wa Brunswick hadi alipofukuzwa na raia zake mwaka 1830, na mkabaila wa Kifaransa aitwaye Isouard. Wote wawili walikuwa wachezaji wa ridhaa. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17 tu.

Vitabu vingi humsifu Morphy, na ni haki yake. Lakini mimi naona mwanafunzi hufaidika zaidi akikaa upande wa walioshindwa na kuzihesabu hatua zao. Ni wachache wanaoweza kumtoa malkia mhanga kama Morphy. Makosa ya mabwana wale tunayafanya kila siku, hasa mchezo unapokwenda mbio na wenzetu wamesimama wakisubiri zamu yao.

Walianza vizuri. Walisogeza kitunda cha malkia mraba mmoja ili kukilinda kile cha mfalme, ulinzi uitwao kwa jina la Philidor, Mfaransa aliyetoa kitabu cha sataranji mwaka 1749 na ambaye, kwa bahati, alikuwa pia mtunzi wa opera. Taabu ilianza katika hatua ya tatu. Morphy alikuwa amesukuma kitunda cha pili katikati. Wao, badala ya kukila au kumtoa farasi, walimpeleka askofu kumbana farasi wa Morphy. Hatua hiyo ina sura nzuri, maana inaonekana kushambulia. Morphy akala kitunda, nao hawakuweza kukila chake papo hapo bila kupoteza kingine. Ikawabidi kwanza wamtumie askofu kumla farasi, na Morphy akamla askofu huyo kwa malkia, ambaye sasa alikuwa amekwisha ingia uwanjani.

Hebu tuhesabu. Katika hatua tisa za kwanza, Weusi walitumia tano kwa vitunda, mbili kwa askofu aliyekwisha kuliwa, moja kwa farasi, na moja kwa malkia, aliyesimama mbele ya mfalme kulinda kitunda kilichotishiwa. Hapo malkia akamzibia njia askofu wa pili, na ngome iliyo nyuma yake ikafungiwa pia. Kwa hatua tisa hizo hizo Morphy alikuwa amewatoa malkia, maaskofu wawili na farasi aliyebaki. Tena njiani alikiacha kitunda cha bure, kwa kuwa kukila kungewapa wapinzani nafasi ya kubadilishana malkia, na mchezo ungepoa.

Hatua ya tisa ndiyo iliyowamaliza: kitunda kilichosukumwa miraba miwili upande wa malkia ili kumfukuza askofu. Mtu mwenye haraka hupenda kufukuza, kwani humpa raha ya kuona mwenzake akikimbia. Morphy hakukimbia. Alimtoa farasi kwa vitunda viwili, kisha kwa hatua moja akamficha mfalme wake na kuileta ngome kwenye mstari ulio wazi.

Wala si saa iliyowaharakisha. Saa pacha za mashindano zilianza kutumika baadaye, London, mwaka 1883. Na walikuwa wawili! Ushauri wao haukumkumbusha hata mmoja kwamba nusu ya jeshi lao bado imelala.

Mwishoni Morphy alimtoa hata malkia, na mfalme mweusi akauawa na ngome moja ikisaidiwa na askofu mmoja. Wakati huo Weusi walikuwa bado na malkia, ngome, askofu na farasi, mali nyingi kuliko ya mshindi. Askofu huyo na ngome hiyo walikuwa pale pale walipopangwa kabla mchezo haujaanza.