Spishi, Rangi na Uangavu wa Maji: Historia ya Uainishaji wa Furu wa Ziwa Victoria

Makala haya yanajadili mabadiliko ya dhana ya spishi katika uchunguzi wa furu wa Ziwa Victoria, samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje na Waluo fulu. Hoja kuu ni kwamba mpaka unaozitenga spishi hizi hautegemei maumbile ya samaki pekee, bali pia hali ya maji wanamoishi.

Utaratibu wa kuwapa wanyama majina ya kisayansi unaanzia toleo la 10 la Systema Naturae la Carl Linnaeus, la mwaka 1758. Spishi ilitambuliwa kwa umbo. Mwanzoni mwa karne ya 20, George Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza aliwaainisha furu kwa vielelezo vilivyohifadhiwa, ambavyo rangi zake za uhai zilikwisha kufifia. Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, alichunguza kwa kina taya na meno yao.

Wakati huo fasili nyingine ilikwisha kutolewa. Mwaka 1942, Ernst Mayr alieleza spishi kuwa ni kundi la viumbe vinavyozaliana katika hali ya asili na lililotengana kiuzazi na makundi mengine. Utengano huo una sura mbili. Upo unaojitokeza baada ya kujamiiana: nyumbu, mzao wa punda na farasi, kwa kawaida ni tasa. Upo pia unaotangulia, pale viumbe wasipochaguana kabisa.

Furu wengi ni wa sura ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, waliwachunguza wakiwa na rangi zao, na idadi ya spishi ikakadiriwa kupita 500. Miongoni mwao ni Pundamilia nyererei, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ambayo dume wake ni mwekundu, na jamaa yake Pundamilia pundamilia, ambayo dume wake ni wa buluu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa majike huchagua madume kwa rangi. Mwanga ulipobadilishwa ili tofauti ya rangi isionekane, uchaguzi huo ulivunjika; na machotara wao si tasa. Makala yao ya mwaka 1997 yalibainisha kuwa maji yakichafuka, rangi hufifia na spishi hupungua.

Kutoweka kwa furu katika miaka ya 1980 kumehusishwa zaidi na sangara, aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950. Sangara alikula samaki. Maji machafu yalifuta mipaka baina ya waliobaki. Hasara hii ya pili haionekani katika takwimu za uvuvi, kwa kuwa samaki wapo, ila spishi zimeyeyukiana.

Hapo ndipo sera inapoguswa. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994, lina makao Jinja na hushughulikia samaki. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, hushughulikia bonde zima. Matundu ya nyavu yanaweza kudhibitiwa ipasavyo huku mmomonyoko wa udongo, mbolea na majitaka ya miji vikiendelea kulitia ziwa ukungu. Inafaa, basi, vipimo vya uangavu wa maji viandikwe pamoja na hesabu za samaki, na vichukuliwe kuwa vipimo vya uhai wa spishi zenyewe.