Zepelini iliyotumwa Umakonde

Novemba 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa katika mwaka wa nne, Ujerumani ilirusha chombo cha angani kuja Afrika Mashariki bila nia ya kukirudisha. Kilikuwa zepelini L 59, puto la haidrojeni lenye urefu wa mita 226, kupita viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa. Kilitakiwa kutua kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanzania ya leo, na safari yake iishie hapo.

Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba njia ya bahari. Kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck na jeshi lake, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, walikuwa wamesukumwa hadi karibu na mto Ruvuma, risasi na dawa zikiwaishia. Daktari Max Zupitza, aliyewahi kuhudumu katika makoloni, ndiye aliyependekeza msaada upitishwe angani. Haidrojeni ya kujaza upya isingepatikana huku, kwa hiyo wahandisi walikipangia chombo chenyewe kazi baada ya kutua. Turubai la nje lingeshonwa mahema, kitambaa cha mifuko ya gesi kingechanwa bandeji, fremu za metali nyepesi zingekuwa milingoti ya redio, na hata ngozi iliyotandikwa kwenye ujia wa ndani ingetengenezwa viatu.

Ndani kulikuwa na shehena ya tani 15 hivi: bunduki za rashasha, risasi, dawa. Nahodha Ludwig Bockholt aliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, akavuka Mediterania na kuingia jangwani. Huko mateso yakaanza. Mchana joto liliitanua gesi na kuwayumbisha hewani hadi watu wakatapika. Mng'aro wa mchanga uliwaumiza macho na vichwa. Injini moja iliharibika, na kwa kuwa ndiyo iliyoendesha mtambo wa kutuma ujumbe, wakabaki kusikia bila kuweza kujibu. Usiku baridi iliibana gesi, chombo kikaporomoka nusura kigonge ardhi, wakakiokoa kwa kutupa maji na sehemu ya shehena.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa magharibi ya Khartoum, redio ilileta amri kutoka Ujerumani: rudini, eneo la kutua limetwaliwa na adui. Baadaye ulivuma uvumi kwamba Waingereza ndio waliotunga ujumbe huo, lakini amri ilikuwa ya Wajerumani wenyewe. Bockholt aligeuza chombo. Alitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani na zaidi ya kilomita 6,700 bila kugusa chini. Aprili 1918 L 59 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, ikaua wote waliokuwamo.

Vitabu vingi vya urubani huishia kwenye sifa za rekodi hiyo. Mimi nazirudia zile tani 15. Mpagazi wa vita hivyo alibeba takriban kilo 25, hivyo shehena nzima iliyowasumbua wahandisi wa Ulaya ilikuwa mizigo 600 tu ya kichwani. Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili walihesabika kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa kulazimishwa. Upande wa Uingereza pekee wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Hao hawakutumiwa chombo chochote.

Siku ileile L 59 ilipotua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano. Alipata humo bunduki na risasi tele, na wapagazi wakatwishwa. Walizibeba kuzunguka Msumbiji, wakarudi Tanganyika, wakaingia Zambia ya leo, mpaka jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918.