Chombo cha Kadiri ya Mtoto

Mto Lukuledi hupita Nanganga ukishuka kuelekea bahari ya Lindi. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja kwenda Masasi, walishuka Lindi wakashika njia kwa miguu, kwani mto huo si njia ya vyombo. Kwa hiyo watoto wawili huyatazama maji ya mto mmoja kwa macho mbalimbali: wa Nanganga huwaza kivuko, wa Lindi huwaza chombo.

Huko pwani mtumbwi wa mtoto huchongwa kama wa wakubwa. Gogo, aghalabu la mwembe, huchongwa kwa shoka na kukombwa kwa tezo. Ukitiwa mirengu ubavuni huwa ngalawa, ambayo asili yake wanachuoni huihusisha na mabaharia wa visiwa vya mashariki ya Bahari ya Hindi, jamaa za wale waliohamia Bukini.

Asiyejua hudhani ya kuwa yatosha kuugawa mtumbwi wa baba kwa mbili. Hapo hukosea. Chombo kikipunguzwa nusu kwa urefu, upana na kina, uwezo wake wa kubeba haubaki nusu, bali sehemu moja katika nane. Mtumbwi uliotosha kumchukua baba wa kilo 65 ungebeba kilo 8 tu. Na mtoto wa miaka saba huweza kufika kilo 23. Angezama.

Watu wa kale hawakuhitaji hesabu hiyo, maana kipimo chao kilikuwa mwili. Waswahili walipima kwa wanda, shibiri, mkono na pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Mbali sana, katika barafu ya Greenland, Wainuit waliunda kayaki, chombo chembamba cha mbao kilichovikwa ngozi ya sili. Desturi inayosimuliwa ni kwamba urefu wake ulikuwa kiasi cha pima tatu za mwenyewe, na upana wake nyonga zake na ngumi mbili. Mvulana naye aliundiwa yake mapema.

Pima ya mtu hukaribia kimo chake. Basi, baba akiwa na sentimita 170 na mtoto 120, chombo kikapunguzwa kwa kadiri hiyo, uwezo wake hubaki zaidi kidogo ya theluthi moja, yaani kilo 23 hivi. Mwili wa mtoto umekwisha kufanya hesabu.

Mita ilipochukua nafasi ya pima, iliondoa ugomvi wa mkono mrefu na mfupi sokoni. Lakini haimwambii fundi ni nani atakayeketi ndani. Hata mzazi wa Nanganga atakayemwagizia mwanawe mtumbwi Lindi, na ampeleke mtoto mwenyewe: kabla ya tezo kugusa gogo, asimame, anyoshe mikono.