Mvuje

Mvuje ni utomvu mkavu wa mizizi ya Ferula, mmea wa jamii ya karoti unaoota Iran na Afghanistan. Wahindi huuita hing. Pwani, neno hili hutaja dawa ya tumbo na pia kitu cha kufukuzia pepo wabaya, na kwa harufu ile pepo anayekimbia hana lawama. Dodoma, ambako reli ya kati ilifika mwaka 1910 na maduka ya Wahindi yakafuata, ni neno la kiungo pia.

Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, tumbo kujaa gesi ni dalili ya kuzidi kwa vata, nguvu ya upepo mwilini, na kudhoofika kwa agni, moto wa kumeng'enya chakula. Mvuje husemwa hutuliza vata na kuchochea agni. Chembe ndogo hukaangwa kwenye samli, kisha ikamwagwa juu ya dengu. Moto huilainisha harufu ya salfa. Kwa kunde, choroko na njugu mawe za Ugogo, eneo la Dodoma, mvuje hutumika vivyo hivyo. Mvuje wa dukani kwa kawaida umeshachanganywa na unga wa ngano au mchele, hivyo mwenye mzio wa ngano asome kibandiko.

Kamusi husema “dawa”, lakini neno hilo lisidanganye: mtoto mchanga asinyweshwe mvuje, kwa kuwa unaweza kuharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Mjamzito naye aache. Kiungulia au maumivu yasiyoisha yapelekwe zahanati.