Viwanja na makumbusho ya Berlin

Viwanja na makumbusho ya Berlin ni kati ya vivutio vikuu vya utalii katika mji mkuu wa Ujerumani. Vingi viko katika wilaya ya Mitte, kandokando ya barabara ya Unter den Linden. Kutoka Lango la Brandenburg hadi Kisiwa cha Makumbusho ni mwendo wa takriban kilomita 1.5 kwa miguu. Majengo mengi ya eneo hili yaliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadaye mji uligawanywa kwa ukuta kuanzia 1961 hadi 1989. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale yanayoonekana leo imejengwa upya.

Viwanja

Pariser Platz iko mbele ya Lango la Brandenburg, lililojengwa miaka 1788–1791 na msanifu majengo Carl Gotthard Langhans. Juu yake kuna sanamu ya gari linalokokotwa na farasi wanne. Napoleon aliipeleka Paris mwaka 1806, ikarudishwa 1814. Wakati wa Ukuta wa Berlin lango lilikuwa ndani ya eneo lililofungwa, likafunguliwa tena Desemba 1989.

Karibu na hapo inapita barabara ya Wilhelmstraße. Katika jumba la Chansela lililokuwa huko ulifanyika Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, ambapo mataifa 14 yalipatana juu ya masharti ya kutwaa maeneo ya Afrika bila kuwepo mjumbe yeyote wa Waafrika. Jumba hilo halipo tena.

Katika Bebelplatz, tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wafuasi wa Wanazi walichoma moto vitabu vipatavyo 20,000. Kumbukumbu yake, kazi ya msanii Micha Ullman (1995), ni chumba chini ya ardhi chenye rafu nyeupe zisizo na kitabu hata kimoja. Mgeni hukitazama kupitia kioo kilichowekwa kati ya mawe ya uwanja.

Alexanderplatz ilikuwa kitovu cha Berlin ya Mashariki. Karibu nayo umesimama mnara wa televisheni wa mwaka 1969, wenye kimo cha mita 368.

Kisiwa cha Makumbusho

Kisiwa hiki katika mto Spree (kwa Kijerumani: Museumsinsel) kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1999. Kina makumbusho matano:

- Altes Museum (1830): sanaa ya Ugiriki na Roma ya Kale
- Neues Museum: sanaa ya Misri ya Kale, pamoja na sanamu ya kichwa cha malkia Nefertiti, liliharibiwa vitani, likafunguliwa tena 2009
- Alte Nationalgalerie (1876): michoro na sanamu za karne ya 19
- Bode-Museum (1904): sanamu na sanaa ya Bizanti
- Pergamonmuseum (1930): altare ya Pergamon na Lango la Ishtar kutoka Babeli, lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati wa miaka mingi

Dinosauri wa Tendaguru

Katika Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße, kuna kiunzi cha dinosauri Giraffatitan chenye kimo cha mita 13.27. Mifupa yake ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Ilichimbwa kwenye kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi nchini Tanzania, miaka 1909–1913, ilipokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kazi ilianza takriban miaka miwili baada ya Vita vya Maji Maji, vilivyoleta njaa kali kusini mwa nchi. Mamia ya Waafrika walichimba chini ya msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, na wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe hadi bandari ya Lindi.

Suala la umiliki

Misri imedai mara nyingi sanamu ya Nefertiti, iliyochimbuliwa Amarna mwaka 1912, lakini Ujerumani imekataa. Mwaka 2022 Ujerumani ilikabidhi kwa Nigeria umiliki wa kazi za sanaa za Benin zaidi ya 500 zilizokuwa Berlin. Baadhi zimebaki kwa mkopo na huonyeshwa katika Humboldt Forum. Nchini Tanzania suala la mifupa ya Tendaguru limejadiliwa mara kadhaa, hata bungeni, lakini kiunzi kingali Berlin.