Machakos, mate na fizi za watu wa Mbinga

Kwa miaka mingi madaktari wa meno walifundishwa kwamba asiyesafisha kinywa fizi zake zitavimba, uvimbe utashuka hadi kwenye mfupa, na mwishowe meno yatang'oka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1965, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaachisha vijana kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Hatua zilizobaki zikadhaniwa kuwa ni suala la muda tu.

Fundisho hilo lilikuja kutikiswa na vinywa vya wanavijiji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania, na mwaka 1988 ukafuata wa Machakos, Kenya, alioufanya pamoja na Ole Fejerskov na Mkenya Firoze Manji. Kule Machakos walipimwa watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Utando na ugaga ulikuwa mwingi. Kwa hesabu za vitabuni, wazee wale wangekuwa vibogoyo. Lakini wengi walikuwa bado na sehemu kubwa ya meno yao, na mifuko mirefu ya fizi ilikutwa kwa wachache. Naye Löe, baada ya kuwafuatilia vibarua wa mashamba ya chai Sri Lanka ambao hawakuwa na huduma ya meno, aliona kuwa asilimia 8 waliharibikiwa upesi na kwa asilimia 11 ugonjwa haukusonga mbele.

Basi swali likageuka: hao wachache wanaoharibikiwa ni akina nani, na watajulikanaje mapema?

Kifaa cha jadi cha kuwapima ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachopenyezwa kati ya jino na fizi. Kinataka mkono uliofunzwa, kinachukua muda, tena kinaonyesha hasara iliyokwisha kutokea. Ndiyo maana wataalamu waligeukia mate. Fizi zinaposhambuliwa, chembe nyeupe za damu humwaga kimeng'enya kiitwacho MMP-8, nacho hukata nyuzi za kolajeni zinazolishikilia jino kwenye mfupa. Kimeng'enya hicho huvuja kutoka kwenye fizi na kuchanganyika na mate. Timo Sorsa wa Helsinki amekifuatilia tangu miaka ya 1980. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha chombo kidogo kilichokipima katika mate kwa dakika chache. Kikaja kipimo cha kusukutua: mtu anasukutua maji, anayatema, na mstari unajitokeza kama kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Mwaka 2014 Solomon Nwhator na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo cha aina hiyo kutoka Nigeria.

Isidhaniwe kuwa mate yamemaliza kazi. Mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2018 unaugawa ugonjwa katika hatua nne, na hatua bado zinapangwa kwa milimita za mshikio uliopotea, picha ya mfupa na idadi ya meno yaliyong'oka. Mate yanasema kwamba moto unawaka. Umeteketeza vyumba vingapi, hilo hupimwa kwa kijiti na eksirei.

Hata hivyo, kwa mtu wa Kigonsera mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya Songea kwenda Mbinga, au wa Lituhi na Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, kipimo cha kuchuja kina thamani kubwa kuliko kwa mtu wa Helsinki. Madaktari wa meno ni wachache, na Machakos ilituonyesha kuwa wanaowahitaji kwa haraka nao ni wachache katikati ya wengi wenye utando. Mhudumu wa zahanati anayeweza kupima malaria anaweza kujifunza kupima mate. Kupima kwa majimaji ya kinywa si jambo geni tena: ng'ambo ya ziwa hilo, Blantyre, kujipima VVU kwa kijiti cha kupitisha kwenye fizi kulijaribiwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na Bunge letu liliruhusu kujipima mwaka 2019.

Ninaloliomba kwa Wizara ya Afya na kwa watafiti wa Muhimbili ni kwamba kipimo hiki kijaribiwe vijijini Ruvuma, si Dar es Salaam peke yake. Nawe msomaji, fizi zikitoa damu kila unapopiga mswaki, usisubiri jino lianze kucheza. Nenda ukapimwe.